Maji Yalikuwa Safi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tone. Jina hilo alilijua, wala hakulichukia. Lilitokana na wimbo wake wa kila kipindi: "Tone moja tu. Nimesema tone, sikusema kikombe." Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni, na alifundisha uchoraji wa rangi za maji katika shule ambayo wazazi wengi hawakujua hata kama somo hilo lipo.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, zamani kilikuwa maabara. Alikipata kwa kukipigania. Mkuu wa shule alitaka kulundika humo madawati mabovu. Mwalimu Tone akamfuata ofisini, akamfuata mkutanoni, akamfuata mpaka mlangoni pa gari lake, hadi mkuu akanyoosha mikono. "Kichukue," alimwambia, "lakini usiniombe kitu kingine mpaka nife." Ndani mlikuwa na sinki refu la saruji lenye mabomba mawili, na meza ndefu zilizoungua kwa dawa za maabara. Dirisha lilikuwa kubwa na mwanga uliingia vizuri. Yeye hakutaka zaidi ya hapo.

Na alijua kufundisha, hilo hata maadui zake walimkubalia. Siku ya kwanza hakumpa mtu brashi. Aligawa karatasi nene na sifongo, akawaamuru wailoweshe karatasi, kisha wainamishe vichwa mpaka jicho liwe sawa na meza. "Tazama mng'ao," alisema. "Ikimetameta kama paji la uso la mtu aliyetoka mbioni, bado. Ngoja. Ikibaki na unyevu kama kioo ulichokipulizia pumzi, hapo ndipo." Aliyetia rangi mapema, ilimkimbia ikaenda itakako, aliyechelewa, ilimwachia makovu. Halafu aliwafundisha kuinua ubao kidogo upande wa juu, kuivuta brashi iliyoshiba toka kushoto kwenda kulia, na kuuteremsha ule ukingo wa maji mstari kwa mstari mpaka anga lote lishuke bila kuonyesha mshono.

Jambo aliloliheshimu kuliko yote lilikuwa weupe. Kwenye makasha ya rangi aliing'oa ile nyeupe na kuitupa kabla hajayagawa. "Weupe mmeshapewa," alisema akiigonga karatasi kwa ukucha. "Kazi yenu ni kutouharibu."

Mume wake alikuwa amefariki zamani, na watoto hawakujaliwa. Aliishi na mdogo wake wa kike, msusi aliyewasuka wateja wake hapohapo sebuleni, mwanamke mpole wa kucheka kwa mabega. Cha kujivunia, Mwalimu Tone alikuwa nacho kimoja: jicho. Alikuwa akisimama mlangoni, na kabla hajaingia, ameshajua nani kachanganya rangi nyingi mno na nani hajabadilisha maji. "Rangi haina mjadala," aliwaambia. "Nikisema chafu, ni chafu." Miaka mingi alisema hivyo na miaka mingi alikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyezoea kumpinga. Yeye naye alizoea kutopingwa. Tabia hiyo humwingia mtu taratibu kama unene.

Mambo yalianza kuharibika jinsi maziwa yanavyoharibika: hujui ni saa ngapi, unajua tu kwamba yamechacha. Kwanza alilaumu rangi. "Siku hizi wanachanganya na vumbi," alilalamika. Kisha akalaumu mabomba, kwamba yana kutu. Mwisho akawageukia watoto wenyewe. Kila anga aliloletewa alilikuta limeingia umanjano kama shuka la zamani. Vivuli vya buluu vilimjia vya udongo. "Chafu," aliandika chini kwa penseli. "Chafu. Rudia."

Wanafunzi si wajinga. Kuna mmoja wa meza za nyuma aliyekasirika siku moja, akajaza anga lake buluu tupu kwa hasira, buluu ya kutia haya, na Mwalimu Tone akaja akasimama nyuma yake. "Ahaa," akasema. "Sasa umeona." Habari ilipita meza hadi meza kabla kengele haijalia. Kuanzia hapo wakawa wanachora kama kawaida, halafu mwisho wanaongeza buluu, wanaongeza tena, mpaka jicho liume. Wakaiita dozi.

"Umetia dozi?"

"Nimetia mbili, ya asubuhi na ya jioni."

Walicheka kwa midomo iliyofumbwa, alama zikapanda, kila mtu akawa na raha. Mwalimu Tone aliona darasa lake limeamka. Akaanza kuchora naye mbele yao, picha za mfano, akazitundika ukutani moja baada ya nyingine. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa akija kunywa chai chumbani humo kila mapumziko kwa sababu ofisi ya walimu ilikuwa na maneno mengi, alizitazama zile picha, akapuliza chai yake, akasema, "Kazi kweli kweli hii, dada." Basi. Wengine nao wakasema hivyohivyo. Walikuwa wakimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa, akatembea nacho.

Darasani mwake kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakutia dozi. Wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake. Hakuwa mkaidi, na hakuwa na maneno. Pengine hakuwahi hata kujua kwamba kuna siri inapita, maana alipokuwa akichora hakusikia kitu. Alikuwa mtoto wa muuza mboga, na kwa muda mrefu alikuwa kipenzi cha mwalimu, yule mmoja ambaye mwalimu humpitia mwisho ili amalize kipindi kwa furaha. Kisha alama zake zikaanza kushuka. Sindano hakuelewa. Alirudia, akapata "chafu". Akarudia tena.

Siku moja alichora beseni. Beseni jeupe la kufulia, lililobanduka ukingoni, lenye maji na nguo moja iliyozama. Ni kitu kigumu kukichora kwa rangi za maji, kwa sababu beseni ni jeupe, maji hayana rangi, na karatasi nayo ni nyeupe. Unabaki na vivuli tu. Sindano aliuacha ukingo wa beseni uwe karatasi tupu, na ndani akapitisha kivuli chembamba cha buluu iliyotulizwa, tabaka juu ya tabaka, kila moja akiingoja ikauke. Waliokuwa meza moja naye waliacha kazi zao wakatazama. Ungetaka kutia mkono ndani.

Mwalimu Tone akafika.

"Hiki nini?"

"Beseni, mwalimu."

"Beseni naliona. Nauliza huu uchafu uliomo ndani."

"Ni kivuli, mwalimu."

"Kivuli cha nini, cha matope? Umechorea maji machafu."

Sindano alikitazama kikombe chake. Kilikuwa kimejaa mpaka juu, ndiyo kwanza atoke nacho bombani. "Maji yangu ni safi, mwalimu," akasema. "Nimebadilisha sasa hivi."

Mwalimu Tone alikichukua kikombe, akakiinua kwenye dirisha, na kwa macho yake, haki ya Mungu, aliona chai nyepesi. Hakuwa akimwonea mtoto kwa makusudi. Aliona alichokiona.

"Hii ndiyo unaita safi?" Akaligeukia darasa. "Haya, nyinyi semeni. Maji haya ni safi?"

Vichwa vikainama kwenye meza. Kila mtu mle ndani alikuwa na macho mawili mazima. Kiranja, aliyekaa mbele, ndiye aliyeanza: "Machafu, mwalimu." Mwingine akafuata. Kisha wengi, kwa pamoja, kama wanavyoitikia salamu: "Machafu, mwalimu."

"Umesikia? Sasa nani haoni hapa, mimi au wewe?"

"Mimi naona, mwalimu," Sindano akasema.

Hakulisema kwa jeuri. Alikuwa ameulizwa, naye akajibu. Lakini Mwalimu Tone alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. Hakupiga kelele. Aliichukua ile karatasi, ikiwa bado na unyevu, akaenda nayo kwenye sinki, akafungua bomba. Tabaka la juu liliondoka mara moja. La chini liling'ang'ania kidogo, akalisugua kwa sifongo mpaka nalo likaachia. Aliirudisha karatasi ikichuruzika, yenye mabaka kama shuka lililofuliwa bila sabuni, akailaza mbele ya msichana.

"Umepata nafasi ya kuanza upya," akasema. "Kesho uje na mzazi."

Mama alikuja, genge amemwachia jirani. Kabla hajaketi alikuwa ameshaomba msamaha. "Nisamehe mimi kwanza, mwalimu. Huyu mtoto siku hizi kaota ulimi." Sindano, ambaye nyumbani alikuwa akikaa siku nzima bila kusema neno, alisimamishwa mbele ya darasa.

"Sema," mama akamwambia.

"Mama, maji yalikuwa—"

"Nimekwambia sema!"

Sindano akawatazama wenzake, mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakakwepesha macho. "Maji yalikuwa machafu, mwalimu," akasema. "Naomba radhi."

"Umesamehewa," akajibu Mwalimu Tone. Mchana huo alikula kwa hamu, kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Muhula ule shule za mji zilifanya maonyesho ya pamoja katika ukumbi wa mji. Mwalimu Tone alizichagua picha mwenyewe. Ya Sindano haikuwemo hata moja. Alivaa gauni lake jeusi la heshima, akaingia ukumbini na mwalimu wa jiografia, akazunguka akitazama kazi za shule nyingine, na moyoni akawahurumia wale walimu. Zote zimechujuka, zote za kahawia. Aliporudi kwenye ukuta wake akapumua. Hapa palikuwa na uhai.

Kundi la watoto wa shule nyingine lilikuwa limesimama pale. "Hawa wanaishi chini ya bahari?" mmoja akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu wao akawakemea huku naye akiuma midomo. Mama mmoja aliyekuja kutazama akamgeukia Mwalimu Tone kwa adabu: "Samahani, mada yenu ilikuwa usiku?"

"Usiku? Hiyo ni saa nne ya asubuhi."

"Aa," mama akasema, akaenda zake.

Ndipo akaja mzee mmoja wa kamati, mchoraji, mtu wa sauti ya chini. Alimvuta pembeni, akamwonyesha picha ya shule jirani. "Niambie, mama, kivuli hiki unakiona rangi gani?"

"Matope."

"Na hiki chenu?"

"Buluu. Buluu safi."

Mzee alizitazama tena picha zote mbili. "Ulipimwa macho lini?"

"Mzee wangu," akasema Mwalimu Tone, na watu wakageuka, "macho haya yamefundisha watu wenye watoto wao sasa. Usinivunjie heshima." Akamtafuta mwalimu wa jiografia. "Mwambie. Wewe si unashinda chumbani kwangu kila siku? Mwambie!"

Mwalimu wa jiografia alikuwa akivitazama viatu vyake. "Tutoke nje kidogo, dada," akasema.

Hapo akajua. Alijua kabla hawajafika mlangoni, lakini aliuliza, maana mtu huuliza.

"Mlijua?"

"Watu walikuwa wanaona."

"Watu gani?"

"Wote, dada. Hata watoto."

"Mkuu?"

"Mkuu alisema tukuache tu, umebakiza kidogo ustaafu. Hakutaka maneno."

"Na wewe?"

Alikunja midomo, akatafuta mahali pa kuweka mikono. "Mimi nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima hiyo kampe mkeo," akasema Mwalimu Tone, akateremka ngazi za ukumbi peke yake, akizigusa kwa ncha ya kiatu kabla ya kukanyaga. Wakati huo tu ndipo alipotambua kwamba siku nyingi amekuwa akizigusa hivyo.

Nyumbani alimkuta mdogo wake na mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Hakumsalimu yeyote.

"Gauni hili rangi gani?"

"Dada, ngoja nimalize huyu mtu..."

"Rangi gani?"

Mdogo wake aliweka kitana chini. "Zambarau."

"Niliambiwa jeusi."

"Hukuambiwa. Ulisema mwenyewe jeusi. Mimi nikanyamaza."

Mteja alijifunga kitambaa, akasema atarudi, akatoka na nusu ya kichwa chake. Nao wakabaki wawili. Ilitoka yote sasa: kwamba zile nguo alizokuwa akizikuta kitandani kila asubuhi zimepangwa, sketi na blauzi, alizodhani ni mapenzi ya ndugu, zilipangwa ili asiende kazini na rangi zinazogombana, kwamba vile vifungo, uzi ule, viatu vile, yote yalikuwa yakirekebishwa nyuma ya mgongo wake.

"Umenivisha kama mtoto," akasema Mwalimu Tone. "Nguo umenichagulia, lakini kuniambia hukuweza."

"Ungesikia?" Mdogo wake alikuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Tangu tuko wadogo, nani amewahi kukwambia kitu ukasikia? Nilikwambia mchuzi umezidi chumvi, ukaongeza chumvi! Nilikwambia yule daktari anapita mtaani kupima macho bure, ukasema wazee ndio wapimwe. Nyumba hii ukishasema wewe, imekwisha. Nilichoka, dada. Nikaona bora nipange nguo."

Mwalimu Tone akaketi kwenye kiti cha mteja.

Hospitalini, daktari kijana wa kike alimmulika jicho moja, akamulika la pili, akarudi nyuma na kiti chake. "Ni mtoto wa jicho, mama. Yote mawili. Na si wa juzi."

"Basi ndiye mtoto pekee niliyejaliwa," akasema Mwalimu Tone, "na nimemlea vizuri bila kujua." Daktari hakujua kama acheke.

Walimpasua jicho moja, kisha baadaye la pili. Walipomfungua kitambaa cha jicho la kwanza, kitu cha kwanza alichokiona ni ndoo ya mfagiaji wa wodi, ndoo ya plastiki iliyopasuka mpini. Ilikuwa buluu. Alikuwa amesahau kwamba buluu iko hivyo, kwamba haisukumwi, inakaa tu pale. Alilia, na mfagiaji akadhani anaumwa, akamwita muuguzi. Furaha hiyo aliipata, asinyimwe. Ilidumu mpaka alipoingia chumbani kwake shuleni.

Alichagua siku ya likizo. Korido ilikuwa tupu. Alifungua mlango, na ukuta ukampiga usoni. Picha zake mwenyewe, za mfano, alizozichora mbele ya watoto akiwaambia watazame kwa makini: anga za kutisha, miti ya zambarau, nyuso za watu kama waliopigwa. Alizitazama zote, hakuruka. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini nyani hajaajiriwa kulionyesha kila siku mbele ya darasa. Kisha akafungua kabati la kazi za wanafunzi, akazikuta zile alizoziandika "chafu". Nyepesi, tulivu, rangi zimekaa juu ya karatasi kama pumzi. Nyingi zilikuwa za Sindano. Lile beseni halikuwemo. Alilikumbuka, na alichokikumbuka kilikuwa beseni la matope, kwa sababu hakuwahi kuliona lingine. Hilo lilimuuma kuliko yote: kwamba kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanyika chumbani humo, watu wote waliiona isipokuwa yeye, na sasa hata akipewa macho ya tai hataiona.

Shule zilipofunguliwa alimwendea mkuu, akamwambia anataka kuwaomba radhi wanafunzi.

"Hapana," mkuu akasema. "Umepona, mshukuru Mungu. Mwalimu mmoja akiomba radhi, kesho watatupigisha magoti wote."

"Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuarifu."

Alisimama mbele ya darasa lilelile. Aliwaambia kwamba alikuwa haoni, kwamba maji yale yalikuwa safi, na kwamba amemtendea mtoto vibaya. Ulimi ulimwia mzito, lakini alisema. Hawakucheka. Walikaa wameinyoosha migongo. Kisha kiranja akasimama kwa niaba yao.

"Hapana, mwalimu. Wewe ulikuwa sahihi."

"Sikuwa sahihi."

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia wote.

Kiti cha Sindano kilikuwa na mtu mwingine. Alikuwa ameacha uchoraji akahamia somo la biashara, na mama yake ndiye aliyesaini. Kwa hiyo Jumamosi moja Mwalimu Tone alichukua ubao mdogo, karatasi, na kasha lake mwenyewe la rangi, akaenda kwao. Palikuwa na vyumba viwili nyuma ya genge, pasafi, na mama alipanguza kiti mara mbili kabla ya kumkaribisha.

"Nimekuja kwa mwanao," Mwalimu Tone akasema. "Nimekuja kuomba msamaha. Maji yake yalikuwa safi. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa."

"Aa, mwalimu, yameshapita hayo. Mtoto ni wako, ukimrudi unamrudi wako."

"Sikumrudi. Nilimdhulumu."

Mama alicheka kwa aibu, kama mtu aliyeshikiwa mkono na mgeni kwa muda mrefu mno. "We mtoto, njoo! Mwalimu wako huyu."

Sindano alitoka ndani, akasalimia kwa goti kidogo, akasimama karibu na mlango. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Haidhuru, mwalimu," akasema.

"Inadhuru. Unaweza kunikasirikia."

"Sijakasirika."

"Basi rudi darasani. Nitazungumza na mkuu mwenyewe."

Msichana alitazama chini. Alisema kama anamweleza mtu njia ya kwenda mahali. "Mwanzoni nilijua yalikuwa safi. Halafu kila nikichota maji nikawa nayatazama. Nikaanza kuona kweli kama yana kitu. Sasa nikitazama rangi sijui kama naiona mimi, au naona unavyotaka wewe. Hesabu ni nafuu, mwalimu. Ukikosea, unaonyeshwa ulipokosea."

Mwalimu Tone alifungua kasha lake la rangi. Alifanya kitu alichokijua. Aliweka ubao mezani, akalowesha karatasi, akasogeza jagi jeupe lililokuwa pale. "Nichoree hili tu. Si la alama. Kwa ajili yako mwenyewe."

"Chora," mama akasema. "Mwalimu ametoka kwake mpaka hapa."

Sindano alikaa. Mkono haukuwa umesahau. Aliinama akatazama mng'ao, akangoja, akashika brashi vile inavyoshikwa, akagusa buluu, akaipunguza kwa maji. Akapitisha mstari wa kwanza, halafu akainua macho akamtazama mwalimu usoni. Akapitisha wa pili, akamtazama. Jagi lilikuwa mbele yake na hakulitupia jicho hata mara moja. Alikuwa akisoma uso wa mwalimu jinsi mtu anavyosoma mawingu, na alipoona uso umekunjamana, akaongeza buluu.

"Usiniangalie mimi," Mwalimu Tone akasema taratibu. "Liangalie jagi."

"Ndiyo, mwalimu." Akaongeza buluu tena, akamtazama.

"Hapana, mwanangu, hapana. Acha."

Sindano akaacha papo hapo, akaiweka brashi chini, akakunja mikono. Mama yake, aliyesimama nyuma, alitabasamu kwa fahari ya kweli.

"Umeona, mwalimu? Siku hizi msikivu sana. Nakushukuru kwa hilo."

Mwalimu Tone alifunga kasha lake. Chai aliyoandaliwa aliinywa yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi jingine, kisha akaaga. Alifundisha mpaka muda wake ukaisha, akisimama nyuma ya darasa badala ya mbele, na picha ya mfano hakuichora tena. Mwalimu wa jiografia alihamishia chai yake mahali pengine. Yeye na mdogo wake waliendelea kuishi pamoja, wakizungumza mambo ya kawaida, mvua na wageni na bei ya mafuta ya nywele. Nguo alizitoa mwenyewe kabatini. Sindano alimaliza shule kwa alama nzuri za biashara, akapata kazi ofisini, na wakikutana njiani alikuwa akisimama kwa adabu, mikono imekunjwa, akingoja aambiwe aende.